Shahada ya Kutubu

Jumatatu, 9 Septemba

Imefika! Barua imefika! Bahasha ya kaki, muhuri wa chuo kikuu, jina langu lote bila kosa hata moja. Nimechaguliwa kuingia mwaka wa kwanza, Shahada ya Ukutubi. Miaka mitatu. Kuripoti si zaidi ya Jumatatu tarehe 23, atakayechelewa nafasi yake atapewa mwingine. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaisoma chooni. Kote inasema kitu kilekile.

Mke wangu alikuwa kwenye cherehani na hakusimamisha mguu. Alisema hongera, kisha akauliza ofisini wamesemaje. Huyu mwanamke ana kipaji. Kati ya maswali yote duniani huchagua lile moja ambalo sina jibu lake.

Jioni mezani nikamtangazia mama mkwe. Anaishi nasi, na sikio lake la kushoto lilishaacha kazi zamani. Nami nilikaa kushoto. Nikasema kwa sauti kwamba nimepata shahada ya ukutubi. Akaweka kijiko chini, akauliza shahada ya nini. Nikarudia. Machozi yakamtoka! Akasema amengoja miaka kumi na tisa, tangu siku ya harusi, kusikia kwamba mkwe wake anakwenda kutubu.

Nilifungua mdomo kumweleza. Ukutubi ni mambo ya maktaba, Mama, mkutubi ni mtaalamu wa vitabu. Lakini kabla sijatoa neno, paja la kuku lilikuwa limeshahama kutoka sahani yake hadi yangu. Paja! Miaka kumi na tisa katika nyumba hii nimekula shingo. Nikaona mdomo uliokwisha kufunguka utumike kwa kazi nyingine. Mke wangu aliniangalia mpaka nikamaliza mfupa.

Jumanne, 10 Septemba

Niyapange mambo vizuri, nisijidanganye. Mimi ni karani wa masjala. Tunatunza majalada ya ofisi nzima, kuanzia ajira ya mkurugenzi hadi ukarabati wa vyoo. Kila mwaka ofisi inatoa ruhusa ya masomo kwa mtu mmoja tu, na awe hajatimiza miaka arobaini na mitano. Mimi natimiza Desemba. Kwa hiyo ni mwaka huu au basi tena. Anayesaini ni Mkuu wa Masjala. Mwisho wa kusaini ni Ijumaa tarehe 20.

Nilifaulu kwenda chuo nikiwa na miaka ishirini. Baba akaugua, nikashika ukarani kwa miezi sita. Miezi sita hiyo leo ina miaka ishirini na minne. Nimebeba majalada ya watu waliokwenda kusoma, wakarudi, wakapanda vyeo, wakastaafu. Jalada langu lina barua ya ajira na fomu za likizo, basi. Inaniuma, sitaficha. Nataka kwenda kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Mpinzani ni mmoja tu: Kalamu Nne, karani mwenzangu, miaka thelathini. Anabeba kalamu nne kwenye mfuko wa shati, inayoandika ni moja. Naye kapata chuo, anakwenda kusomea utawala. Alinionyesha barua yake na kunipa pole kabisa. Pole!

Na kuna jambo jingine, naliandika kwa herufi ndogo. Jalada binafsi la Mkuu limepotea, mwaka wa tatu sasa. Makao makuu wameandika mara nne kulitaka. Kila mara Mkuu hujibu kwa mkono wake mwenyewe kwamba bado linatafutwa. Najua linamkosesha raha, maskini. Najua pia liko wapi. Kabati la sita lilikuwa likiyumba, nikahitaji kitu chenye unene wa kutosha, mkono ukachukua kilichokuwa karibu. Nilipogundua nimesukuma jalada la nani chini ya mguu wa kabati, kabati lenyewe lilishajaa na halinyanyuki. Na kwenye daftari la kuazima saini ya mwisho ni yangu. Nikanyamaza. Nimenyamaza vizuri sana tangu siku hiyo.

Jumatano, 11 Septemba

Mkakati wa kwanza! Barua zetu za maombi ziko kwenye trei ya Mkuu, bahasha mbili za kaki. Saa ya chakula nilibaki peke yangu. Nikachukua ya Kalamu Nne, nikaitumbukiza ndani ya jalada la Ukarabati wa Vyoo, jalada ambalo halijafunguliwa tangu vyoo vyenyewe viliposhindikana. Sekunde tano. Wala sikutoka jasho.

Jioni nilimwambia mke wangu kwamba masjala inahitaji watu wenye akili ya haraka. Alisema ndiyo maana wanaendelea kutafuta.

Alhamisi, 12 Septemba

Fundi bomba alifika saa tatu na futi yake ya kupimia. Aliniulizia mimi, kwa jina. Alikuwa na bahasha mkononi, na juu yake idara ya majengo wamegonga muhuri: ombi limepokelewa, fundi atafika kupima ukubwa wa tatizo. Bahasha ilikuwa ya kwangu! Zilifanana, shauri yao. Eti siku zote jalada la vyoo likiguswa linakwenda moja kwa moja majengo. Nani alijua? Kalamu Nne alicheka mpaka kalamu moja ikadondoka, ile inayoandika.

Niliandika ombi jipya hapohapo na kulipeleka mkononi kwa Mkuu. Alisema ataliangalia. Nilikuta siku yake ya kuzaliwa, keki mezani, watu wamejaa. Ametimiza hamsini na tisa. Tulipiga makofi. Mwaka jana pia tulimpigia makofi ya hamsini na tisa, na mwaka juzi, kama sikosei. Akifika sitini ni kustaafu. Kuna watu umri unawaonea huruma kweli. Wangu mimi haukosi hata siku moja.

Ijumaa, 13 Septemba

Siku mbaya. Mbele ya masjala nzima Kalamu Nne alisimama na kumwahidi Mkuu zawadi. Alisema yeye si mtu wa kuondoka akiacha aibu nyuma yake. Kabla ya kwenda chuo atapekua kabati moja baada ya jingine, yote kumi, na jalada la Mkuu lililopotea atalipata, awe na hakika.

Uso wa Mkuu ulibadilika rangi. Biskuti ilimponyoka ikaingia kwenye chai na hakuiopoa. Aliuliza kwa sauti ndogo kama kweli kuna haja ya kujisumbua hivyo. Kalamu Nne akasema hakuna usumbufu, ni mapenzi ya kazi. Mkuu akakaa chini. Nimeshamwona mtu aliyeguswa moyo, na yule aliguswa moyo.

Nimekwisha. Akilipata jalada chini ya kabati la sita, atafungua daftari, ataona saini yangu. Yeye ataenda chuo, mimi nitaenda kamati ya nidhamu.

Jumamosi, 14 Septemba

Nyumba imejaa kina mama! Mama mkwe aliwaita wenzake wa kikundi chao cha kusaidiana waje kumpongeza mkwe anayekwenda kutubu. Wamekuja na blanketi, shuka mbili, ndoo yenye mfuniko na termosi mpya. Mmoja aliuliza kwa nini nimepangiwa miaka mitatu mizima. Mama mkwe akajibu kwamba wengine humaliza kwa wiki, ila wakubwa wa chuo wameniangalia, wakaona miaka mitatu. Wote wakaguna kwa kukubali. Hata waliokuwa hawanijui waliguna!

Mke wangu alinivuta jikoni, akauliza nitamwambia mama yake lini. Nikasema karibuni. Akauliza karibuni maana yake nini. Nikasema baada ya termosi.

Kumbe mke wa Mkuu naye yumo kwenye kikundi! Alinisogelea taratibu na kuniuliza nitaanza kutubu lipi. Hapo akili yangu iliwaka. Nikifanana na mtu mwenye majuto, mumewe atasikia, ataona nimekuwa mtu mwema, atasaini. Nikashusha pumzi ndefu. Nikamwambia, dada yangu, ya nyumbani ni machache, ila ya masjala ni mengi, na safari hii sitaacha hata moja. Aliondoka bila kumaliza soda. Mkakati umeingia!

Jumatatu, 16 Septemba

Mkuu aliniita ofisini na kufunga mlango. Alinimiminia chai kwa mkono wake. Katika miaka ishirini na minne sikuwahi kujua kwamba ofisi ile ina kikombe cha pili. Aliuliza kama ni kweli nakwenda kutubu. Nikasema kwa namna fulani. Aliuliza kutubu kwenyewe ni kwa mdomo au kwa maandishi. Nikasema nadhani yote mawili, na mwisho kuna utafiti. Alipangusa kipara. Aliuliza ya masjala niliyomtajia mke wake yanahusu nani. Nikaogopa. Nikasema yananihusu mimi. Akauliza mimi na nani. Nikasema mimi na kabati, nikakimbia na kikombe chake mkononi.

Sijui amenuna au amefurahi. Ombi bado halijasainiwa. Kalamu Nne amemaliza kabati la kwanza.

Jumatano, 18 Septemba

Kalamu Nne amemaliza kabati la tano! Anavaa glavu. Kila jalada analifuta vumbi, analitaja namba kwa sauti kama anaita watu mahakamani. Mkuu amemwambia mara tatu apumzike. Amempa likizo ya siku mbili, Kalamu Nne akakataa. Amemtuma posta mara nne, amerudi mbio. Kesho asubuhi ni kabati la sita.

Nilijaribu kulitoa jalada saa ya chakula. Nililala kifudifudi nikavuta. Kilichotoka ni kona ya jalada na kucha yangu. Kabati likatoa mlio. Nikaona miguu miwili mbele ya pua yangu, viatu vya Mkuu. Aliuliza natafuta nini. Nikasema namtafuta Mungu. Akasema nikimpata nimwombee na yeye. Aliondoka akitembea kama mgonjwa.

Sikula vizuri leo. Mke wangu alinipa shati jipya alilonishonea la kuendea chuo, jeupe, kola imekaa sawasawa. Nilishindwa kulijaribu. Niliogopa nitalivaa kwenye kamati. Aliketi karibu nami, nikamweleza habari ya jalada, akasema kamwambie tu Mkuu wako ukweli, atakachofanya atafanya. Wanawake hawajui mikakati.

Alhamisi, 19 Septemba

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Saa mbili na nusu Kalamu Nne alisimama mbele ya kabati la sita, akavaa glavu. Nikaona miaka yangu yote inasombwa pamoja na vumbi lile. Nikaingia kwa Mkuu bila kubisha hodi, nikapiga magoti. Nikasema yote. Kabati liliyumba. Mkono ukachukua. Saini ni yangu. Liko palepale, chini ya mguu wa nyuma wa kushoto, miaka mitatu. Nikasema anisamehe, na kama kuna kufukuzwa anifukuze baada ya masomo.

Mkuu hakupiga kelele. Aliniuliza mambo matatu tu, kwa sauti ya chini. Kwanza, nililisoma? Nikasema sikusoma hata ukurasa. Pili, nani mwingine anajua? Nikasema mimi peke yangu, na sasa yeye. Tatu, shahada hii inachukua miaka mingapi kweli? Mitatu, nikasema. Akafumba macho, akahesabu kitu kwenye vidole.

Kisha akasaini! Ombi langu, mbele yangu, nakala zote nne, akagonga muhuri mpaka meza ikaruka! Aliniinua, akanikumbatia. Alisema chuo ni kitu cha thamani, niende kesho, nisirudi hata likizo. Nikauliza vipi jalada, nilitoe? Akasema hapana, hapana, lisiguswe. Kabati likiyumba litaumiza watu, na maisha ya mfanyakazi ni bora kuliko karatasi. Machozi yalinilenga. Nimefanya kazi chini ya mtu huyu miaka yote na sikujua anavyojali usalama kazini.

Tulitoka pamoja. Mkuu alitangaza kwamba kabati la sita ni bovu, ni marufuku kuligusa, na upekuzi umefungwa. Kalamu Nne alibaki na glavu hewani. Alipewa kazi mpya palepale: kuhesabu viti vya jengo zima, ghorofa zote tano, na kuandika hali ya kila mguu. Ombi lake litaangaliwa mwakani. Nilimpa pole. Polepole, kama alivyonipa yeye.

Ninakwenda chuo kikuu! Mimi! Nilipomwambia mke wangu, safari hii cherehani ilisimama.

Jumamosi, 21 Septemba

Mke wangu amemweleza mama yake, tena kwa sikio la kulia. Nilikuwa nyuma ya mlango. Mama mkwe akauliza, vitabu? Akaambiwa vitabu. Akauliza, vya watu wengine? Akaambiwa ndiyo, kuvipanga na kuvitunza. Akaniita nitoke nyuma ya mlango, kumbe viatu vyangu vilionekana.

Alisema blanketi na shuka nibaki navyo kwa sababu vimeshakunjwa. Termosi anaichukua. Akasema tena kwamba maktaba, kwa anavyosikia, ni mahali mtu anakaa kimya miaka mitatu, na kwa mtu kama mimi huo si mwanzo mbaya. Kisha akanipigia pasi shati jipya kwa mkono wake, mikono yote miwili, hadi kola. Nilimshukuru. Mezani nilipewa shingo.

Nimefikiri sana leo. Ukweli umenipa kila kitu, na uongo umeninyang'anya termosi. Kwa hiyo nimeapa, na ninaandika hapa kwa wino: kuanzia leo, mtu akinidhania nisivyo, nitamsahihisha papo hapo. Mimi sasa ni msomi.

Jumatatu, 23 Septemba

Nimesajiliwa! Foleni ya saa nne nzima, watoto wanaoweza kuwa wanangu mbele na nyuma. Dada wa dirishani aliniambia wazazi wanangoja upande ule. Nikamsahihisha papo hapo! Nilimwonyesha barua. Aliisoma, akasimama, akanipa mkono kupitia tundu la dirisha. Nina kitambulisho. Katika picha nimefumba macho, lakini maneno yako chini yangu, wazi kabisa: mwanachuo, mwaka wa kwanza. Nilikaa kwenye ngazi nikakiangalia mpaka jua likanihamisha. Baba angefurahi. Nililia kidogo, sijali nani aliona.

Jumatano, 25 Septemba

Ushindi! Ushindi mtupu!

Mhadhara wa kwanza ulikuwa saa nne. Nilifika saa tatu na nusu, shati jeupe, miwani, mkoba wa ofisini. Mlangoni kulikuwa na karatasi: mhadhiri amesafiri, ataanza Jumatatu, wanachuo wajisomee. Niliibandua niisome vizuri. Kurudisha ikawa shida, gundi ilishakauka, nikaiweka mfukoni.

Nikaingia. Vijana mia moja wakasimama. Wote kwa pamoja! Shikamoo iliyotoka pale ilitikisa madirisha. Nikafungua mdomo kuwasahihisha. Naapa niliufungua. Lakini mmoja alishaanza kufuta ubao, mwingine akanivutia kiti cha mbele, chenye mikono na mto. Nikaketi kwanza, ili niwasahihishe kwa utulivu. Wakatoa madaftari.

Nilizungumza dakika arobaini. Nilianza na namna ya kupanga majalada, nikaenda kwenye daftari la kuazima, nikamalizia na makabati. Wanaandika! Nikikohoa wanangoja, nikiendelea wanaandika. Miaka ishirini na minne nimenakili maneno ya watu, leo vijana mia moja wamenakili ya kwangu. Binti mmoja mstari wa mbele aliuliza swali, nikamwambia ni swali zuri, akaridhika.

Mwisho wakauliza kama kuna kazi ya kufanya. Nikafungua mwongozo wa somo. Kazi ya kwanza imeandikwa humo: kurasa tano kuhusu maana ya ukutubi, kila mwanachuo ampelekee mhadhiri Jumatatu. Mimi mwenyewe bado sijaandika hata mstari. Nikawaambia waniletee mimi, Ijumaa mchana, bila kukosa. Zitakuwa kazi mia moja. Sijui nitapataje muda wa kuzisoma zote na kuchagua ipi iwe ya kwangu.